Scratch au Python kwa somo la vitanzi?

Mjadala huu hauishi walimu wa kompyuta wakikutana: mwanafunzi wa sekondari ajifunzie wapi vitanzi, yaani amri zinazojirudia? Kwenye Scratch, lugha ya programu ya kupachika vipande vya picha, au Python, ambayo amri zake huandikwa kwa kibodi?

Kwa gharama hakuna mshindi. Zote ni bure, na ukishazipakua hazihitaji intaneti.

Kwa wepesi wa kuanza, Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, iko mbele. Unapachika kipande cha "rudia mara 10", ndani yake "sogea hatua 10", na paka wa kwenye skrini anatembea. Hakuna nukta ya kusahau. Shida ni kwamba baadhi ya vijana wa miaka 16 humwona yule paka kama kitu cha watoto.

Python inagoma ukisahau nukta mbili mwishoni mwa mstari wa while, amri inayoanzisha kitanzi. Inaudhi, ila makosa yake yanafundisha. Chukua mchezo wa kubahatisha namba kati ya 1 na 100. Mwanafunzi akiacha swali la kuomba namba nje ya kitanzi, skrini inajaa "Kubwa mno, Kubwa mno" bila kikomo. Hapo ndipo anauliza kitanzi kinasimamishwa na nini, na mimi swali hilo nalithamini kuliko mchezo wenyewe. (Mchezaji akikisia namba ya katikati ya zilizobaki kila mara, makisio 7 yanatosha.)

Scratch huzielemea kompyuta kuukuu. Python ya maandishi matupu huenda vizuri tu.

Kama una vipindi vichache na wanafunzi wasiozoea kibodi, Scratch. Kama wataendelea mwaka mzima, anza na Python.