Kufunga ufukwe au kuweka umbali tu: ipi inawafaa ndege wanaohama?

Jamani ndege anayehama akitua ufukweni hajaja kustarehe, anakula haraka ajaze mafuta mwilini, maana mwaka 2022 kuna mmoja aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania kama kilomita 13,560 bila kutua popote, siku 11 hivi! Sasa ukimkurupusha kila saa anapoteza nguvu na muda wa kula, halafu kwa macho unaona karuka tu, kumbe ameumia.

Kufunga kabisa kwa msimu, kama wanavyofanya jimbo la New Jersey, Marekani, kwenye fukwe za ghuba ya Delaware Bay kila Mei, ndege wanakula kwa amani. Shida ni watu wa pale kununa, na lazima kuwe na walinzi.

Kuweka umbali kati ya watu na ndege ni rahisi, kamba, vibao, mbwa wafungwe. Ila mbwa mmoja tu akiachiwa kundi zima linaruka, na ndege akiinua kichwa kukutazama ujue tayari ameacha kula.

Mimi nasema zile wiki chache ndege wanapokuwa wengi zaidi fungeni, miezi mingine kamba na vibao vinatosha.