Pawa stelingi kwa gari la zamani la fowili: ipi ununue, ipi uiache

Land Rover Series I ilitoka mwaka 1948, na Land Cruiser FJ40 ikafuata mwaka 1960. Zote mbili zilipewa usukani mkubwa na boksi la stelingi, yaani kasha la gia linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu, lisilo na msaada wowote. Tairi zilikuwa nyembamba, na mwenye gari alitegemewa kukata usukani gari likiwa linatembea. Leo magari hayohayo yamevalishwa tairi pana, mengine yamefungwa winchi mbele, na wenyewe wanayaacha nyumbani kwa sababu tu kuegesha kunachosha mabega. Kuyafungia pawa stelingi, yaani usukani unaosaidiwa na mafuta au umeme, ni jambo jema. Tatizo ni kwamba vinavyouzwa kwa jina hilo vinatofautiana sana, na kimoja wapo sikipendekezi kwa gari lolote la barabarani.

Kwanza, kabla hujatoa hela, inua ekseli ya mbele kwa jeki hadi tairi zote mbili ziache ardhi, kisha zungusha usukani. Ukiwa mzito hata hapo, ugonjwa uko kwingine: kingipini (pini ambazo magurudumu hugeukia) zimekauka, krosi ya shafti imekaza, au mkono wa katikati unaopokea nguvu kutoka kwenye boksi umekwama. Kwenye Land Rover Series kipande hicho kimezama ndani ya chuma cha mbele cha chesisi, na kikiishiwa oili hukaza hadi dereva akadhani tairi ndizo nzito. Tengeneza hayo, jaza upepo unaotakiwa, kisha ujaribu tena barabarani. Wapo watakaogundua hapo kwamba hawahitaji kununua kitu. Na anayehitaji bado atakuwa ameokoa tairodi zake, yaani fimbo zinazogeuza magurudumu, maana pawa haiponyi sehemu iliyochoka. Inaisukuma kwa nguvu zaidi.

Mpangilio wangu unatokana na maswali mawili. Injini ikizima ghafla kwenye mteremko, je, mikono yako bado imeunganishwa na magurudumu kwa chuma? Na je, chesisi itaistahimili nguvu mpya? Pampu ya kawaida ya pawa hutoa shinikizo la bar 70 hadi 100 hivi. Chuma kilichozoea kusukumwa na mikono ya mtu sasa kitasukumwa na kiasi hicho kila unapokata usukani ukiwa umesimama.

Chaguo la kwanza ni boksi la gari la ukoo uleule lililozaliwa baadaye. Kwa Land Cruiser ya mfululizo wa 40, tafuta boksi la mfululizo wa 60, ulioanza mwaka 1980, au la Hilux ya fowili yenye ekseli nzima mbele. Kwa Suzuki Samurai, la Vitara. Sababu ya kuliweka juu ni kwamba vitu vyake vinaelewana: tundu za tairodi, meno ya shafti, bolti, hata sili utakazohitaji baada ya miaka kadhaa. FJ60 ilitumia injini ya 2F, ileile iliyoingia kwenye FJ40 katikati ya miaka ya 1970, kwa hiyo pampu, bracketi yake na puli vinaweza kutoka kwenye gari moja la kuchinjwa. Usikubali kununua boksi peke yake. Boksi bila mkono wake wa pitimani (ule unaotoka kwenye boksi na kusukuma fimbo), pampu, puli na mipira ya mafuta litakufanya uhangaikie vipande kwa muda mrefu, na bracketi ya pampu ndiyo huwa ngumu kupatikana kuliko boksi lenyewe. Mkanda unaozungusha pampu ukikatika, usukani unakuwa mzito lakini gari linakutii.

Hapa kuna jambo la kuliangalia kwa macho mawili. Boksi la gari la usukani wa kushoto halifai kwenye gari la usukani wa kulia, hata kama muuzaji anaapa kwamba bolti zinaingia. Vilevile angalia mkono wa pitimani unaelekea mbele au nyuma, na fimbo yake inavuta au inasukuma. Ukikosea hilo, unakata usukani kulia na gari linakwenda kushoto.

Gharama ya kweli ya chaguo hili imo kwenye chesisi. Boksi linafungwa pembeni mwa boriti ambayo ndani ni tupu. Bolti zikikazwa bila kitu katikati, boriti inabonyea, bolti zinalegea, na ufa unaanza kwenye tundu. Fundi anayejua kazi hupitisha mirija ya chuma ndani ya boriti, huichomelea pande zote mbili, kisha huongeza bamba nje. Muulize atafanya nini hapo kabla hujakubaliana bei. Akikuambia chesisi ya zamani ni ngumu, haina haja, tafuta mwingine.

La pili, na kwa Land Rover Series ningeliweka la kwanza, ni msaada wa umeme kwenye shafti ya usukani. Mota hufichwa chini ya dashibodi na kuusaidia mkono wako kabla nguvu haijafika kwenye boksi la asili. Nyingi hutolewa kwenye Opel Corsa, ile ambayo Uingereza inaitwa Vauxhall Corsa, kwa sababu mfumo wake hukubali kufanya kazi bila kompyuta ya gari zima. Huhitaji pampu, mkanda wala mafuta, na chesisi haitobolewi. Anayetaka gari lake libaki na sura ya kiwandani hapati bora kuliko hili.

Lakini lina masharti yake. Mota inapofanya kazi gari likiwa limesimama hula makumi ya ampea. Dinamo ya Lucas C40 ya Land Rover za zamani hutoa ampea 22 tu, kwa hiyo alteneta inaingia kwenye bajeti yako tangu mwanzo. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli na magari ya jeshi hutumia volti 24; mota hizi ni za volti 12, na kuchukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili kutaiua betri hiyo mapema. Kompyuta yake ifungwe juu, mbali na maji ya mtoni. Tena nguvu yote inapita kwenye boksi la zamani na fimbo zake, kwa hiyo hizo ziwe nzima kwanza. Shafti ikikatwa na kuunganishwa, ichomelewe na mtu mwenye ujuzi uliothibitishwa. Kiungo hicho kikikatika huna usukani.

La tatu ni seti zinazojengwa juu ya boksi la Saginaw la General Motors. Ni boksi gumu, na kwa mtu ambaye tayari amefunga injini ya V8 ya Chevrolet, pampu inaingia bila usumbufu. Kwa wengine wote linadai kukata na kuchomelea, pengine kusogeza rejeta, na kutafuta tairodi za kuunganisha, maana mshazari wa tundu za GM si wa Toyota.

Pampu ya umeme inayozalisha shinikizo la mafuta, kama ya Opel Astra au Toyota MR2, huuzwa kana kwamba ni mfumo kamili. Si mfumo. Inachukua nafasi ya pampu ya mkanda tu. Boksi bado utalinunua, na umeme wake ni mwingi kuliko wa mota ya shafti. Inunue pale tu ambapo injini haina nafasi ya puli nyingine.

Silinda ya pembeni yenye vali kwenye fimbo, mtindo wa malori ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960, huvuja na huuacha usukani ukielea. Anayelirejesha lori kama lilivyotoka kiwandani aifunge. Mwingine asipoteze hela.

Iliyobaki ni ile ya mafuta matupu, kama ya trekta, ambapo hakuna chuma kinachounganisha usukani na magurudumu. Mpira ukipasuka umebaki na duara mkononi. Nchi nyingi haziruhusu barabarani. Usiinunue kwa gari linalobeba watu, hata upewe kwa bei ya kutupa.

Unapokagua boksi lililotumika, zungusha shafti kutoka mwisho hadi mwisho ukihesabu, rudi nusu, na hapo katikati pasiwe na mchezo. Shika shafti ya pitimani uitikise pembeni. Ikicheza, bushi au beringi zimekwisha. Tazama skrubu ya kurekebisha juu yake: ikiwa imekazwa hadi mwisho, mwenzako alikuwa anauficha uchakavu, na boksi hilo litakaza katikati ya kona. Mimina mafuta kidogo kwenye kitambaa cheupe uone kama yana chembe za chuma. Mipira ya shinikizo inunuliwe mipya, iliyobanwa kwa mashine. Klipu za kukaza kwa bisibisi ni za mpira wa kurudisha mafuta peke yake.