Keukenhof: nendeni Aprili, na Shangazi jibu lako liko humu

Jamani nimeenda Keukenhof, ile bustani ya Lisse huku Uholanzi, naipa nyota 4 kati ya 5. Wanapanda vitunguu vya maua (si vya kula, ni vile vinavyochipua maua, hasa tulipu) kama milioni 7 kila mwaka, kwa mkono, halafu inafunguliwa wiki 8 hivi tu, Machi mpaka Mei, sasa we nenda katikati ya Aprili ndo tulipu zimepamba moto, ukiwahi sana utakuta nyingi bado hazijafunguka. Tiketi kata mtandaoni uchague na saa kabisa, watu ni nyomi, picha isiyo na kichwa cha mtu sahau. Chai na keki bei imechangamka, mi nilibeba chapati zangu.

Sasa Shangazi kapiga simu eti nimletee vitunguu vya tulipu apande Tanga. Shangazi, haya madude yanataka baridi ya chini ya nyuzi 9 wiki 12 hadi 16 ndo yachanue vizuri, labda uyalaze kwenye friji, tena mbali na matunda, maana gesi inayotoka kwenye matufaha inaua ua likiwa bado ndani ya kitunguu. Na mwaka wa pili usitegemee kitu, joto la hapo halitaki mchezo. We endelea na asumini zako.