Daktari kwa Simu: Tathmini ya Huduma Niliyomlipia Mama

Nairobi ilipofungwa tarehe 6 Aprili 2020, mama yangu, mwenye presha na sukari, alikuwa nyumbani karibu na Siakago, kule Embu, nami nilikuwa mtaani Umoja, jijini, nisiweze kuvuka hata daraja la Mto Chania pale Thika. Alikuwa amebakiwa na dawa za siku tisa, na kliniki aliyoizoea aliogopa kuikaribia kwa sababu ya korona. Ndipo nilipojisajili katika huduma moja ya daktari kwa simu yenye ofisi hapa jijini, ambayo sitaitaja jina, nikawa namlipia kwa M-Pesa shilingi 500 kila anapozungumza na daktari.

Huduma hiyo ilijinadi kwa video, na video ndiyo iliyotushinda. Mama hutumia simu ya vibonye, ile tuiitayo mulika mwizi, kwa hiyo ilibidi mpwa wangu apande kilima kilicho nyuma ya boma na simu yake, mama amfuate polepole kwa bakora, kisha picha ya daktari igande kabla ya salamu kwisha. Tulipoomba apigiwe simu ya kawaida, mambo yalinyooka: daktari alimsikiliza kwa dakika ishirini, akamtumia mpwa wangu cheti cha dawa, nazo zikanunuliwa Siakago siku iyo hiyo. Kwa hilo sina lawama hata kidogo.

Lawama yangu ni kwamba kila mara alipokelewa na daktari mwingine, akalazimika kuanza upya kusimulia maradhi yake. Wa tatu, asiyejua neno la Kimbeere, alimuuliza kwa Kiswahili cha haraka kama miguu humfa ganzi, kama huwaka moto usiku, kama humchoma. Mama, kwa adabu yake, akaitikia "ndiyo" kwa kila swali, akaandikiwa dawa ya neva asiyoihitaji. Aliyegundua kosa ni jirani yetu, mhudumu wa afya ya jamii, ambaye tangu siku hiyo hukaa kando ya mama wakati wa simu, humfunga mkono kwa mashine ya presha, husoma namba kwa sauti na kutafsiri pande zote mbili. Siku ya kwanza alisoma 168 kwa 96, na daktari akabadilisha kipimo cha dawa papo hapo. Jirani huyu halipwi na huduma hiyo hata senti.

Katika jambo hili Australia ilitutangulia. Huko, vijiji vya mbali vya Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, vilifungiwa wageni kuanzia tarehe 26 Machi 2020, na mwezi huohuo bima ya taifa, Medicare, ilianza kulipia matibabu ya kawaida kwa simu na kwa video. Miongoni mwa waliotangulizwa tarehe 13 walikuwemo Waaborijini waliozidi umri wa miaka 50. Kuanzia tarehe 20 Julai kanuni ilikazwa, kwamba kwa kawaida simu hiyo itoke kliniki iliyokwisha kumwona mgonjwa ana kwa ana ndani ya miezi 12, jambo ambalo lingemwondolea mama masimulizi yake yote. Zaidi ya hayo, Waaborijini wana kliniki zinazoendeshwa na jamii zao wenyewe, ya kwanza ikiwa ile ya Redfern, Sydney, iliyofunguliwa mwaka 1971, zenye wahudumu wa afya wanaotoka miongoni mwao, kwa hiyo simu ya daktari ilikuwa na pa kutua.

Mwenye mzazi mashambani anaweza kuijaribu huduma hii, mradi aidai simu ya kawaida na anunue kwanza mashine ya presha ya mkono. Mama bado anaitumia, ila siku hizi hapokei simu ya daktari mpaka jirani awe ameketi.