Gesi asilia kwenye gari la petroli: uzoefu wangu na mfumo wa mafuta mawili

Gari langu lilitoka kiwandani likiwa la petroli. Baada ya kulitumia hivyo kwa miaka, nilifunga mfumo wa gesi asilia bila kuondoa ule wa petroli, na sasa kuna swichi ndogo karibu na usukani ya kuchagua kati ya hiyo miwili. Kwa mwenye haraka, jibu langu ni hili: kama unatembea masafa marefu kila siku na kituo cha gesi kipo njiani kwako, funga. Kama gari lako hutoka kwa safari fupifupi, au buti kubwa ndilo lililokufanya ulinunue, baki na petroli. Yanayofuata ni kwa anayetaka kujua kwa nini.

Bei naimaliza haraka, maana kila mtu ana hesabu yake. Kilo moja ya gesi asilia ina nishati inayokaribia ile ya lita moja na nusu ya petroli. Chukua bei ya kilo ya gesi, igawanye kwa 1.5, kisha ilinganishe na bei ya lita moja ya petroli. Tofauti hiyo izidishe kwa lita unazochoma kwa mwezi, utaona gharama ya kufunga mfumo itarudi baada ya muda gani. Kwangu ilirudi kitambo.

Sasa kazi yenyewe. Mtungi unakaa kwenye buti, bomba jembamba la chuma linapita chini ya gari hadi kwenye injini, na huko mbele kuna regyuleta, nozeli za gesi na kompyuta ndogo inayoongoza kila kitu. Gesi ndani ya mtungi uliojaa ina presha ya bar 200 hivi, zaidi ya mara 80 ya upepo ulio kwenye tairi. Injini haiwezi kupokea presha hiyo, kwa hiyo regyuleta huishusha hadi bar chache tu. Gesi inapotanuka ghafla namna hiyo hupoa sana, kiasi cha kuweza kugandisha regyuleta, na ndiyo maana maji ya moto ya injini hupitishwa ndani yake. Matokeo yake kwa dereva ni kwamba gari huwaka kwa petroli, hutembea kidogo kwa petroli, na maji yakishapata moto hujihamisha lenyewe kwenda kwenye gesi. Kinasikika kitu kidogo kama “tik” mbele, taa ya swichi inabadilika, basi.

Jambo hili watu hawaambiwi kabla ya kulipa. Mwenye safari za dakika chache, injini ikipoa kati ya moja na nyingine, anatembea sehemu kubwa ya njia kwa petroli huku amebeba mtungi mzito nyuma. Gesi ni ya mtu ambaye injini yake hukaa na moto. Pia usiache tangi la petroli likauke kwa kuwa una gesi: pampu ya mafuta iliyomo ndani ya tangi hupozwa na petroli hiyohiyo.

Nguvu inapungua, na mtu akikuambia haipungui, muulize anauza nini. Gesi huingia ikiwa gesi tayari, siyo kimiminika, hivyo hukalia nafasi ambayo ingejazwa na hewa ya kuchomea, na injini iliyoundwa kwa petroli hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Barabara tambarare sihisi chochote. Mlima mrefu, gari limejaa watu, nahisi, na huko narudi kwenye petroli bila kusita. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ina oktani ya juu kuliko petroli, zaidi ya 120, kwa hiyo haigongi, yaani haijiwashi yenyewe kwa kishindo, hata presha ndani ya silinda ikiwa kubwa. Injini iliyoundwa kwa gesi tangu mwanzo huitumia sifa hiyo kwa kubana zaidi na kurudisha nguvu. Yangu haiwezi, imebaki na mbano wa petroli.

Kinachonifurahisha ni utulivu. Injini inaunguruma kwa upole, na ukichomoa plagi baada ya kutembea na gesi kwa muda mrefu unakuta kauri yake safi, bila masizi. Oili nayo huchelewa kuwa nyeusi. Lakini plagi hizohizo zinahitaji kuangaliwa mapema, kwa sababu mchanganyiko wa gesi hudai cheche yenye nguvu zaidi. Koili (inayotoa umeme wa cheche) iliyochoka, ambayo ingeendelea kuvumilia petroli, kwa gesi inaanza kukosa moto. Viti vya valvu, yaani pale valvu zinapokaa zikifunga, pia vinachakaa haraka kwenye baadhi ya injini, kwa kuwa gesi ni kavu na haiachi unyevu wowote wa kuvilainishia. Muulize fundi kuhusu injini yako kwa jina lake, siyo kuhusu gesi kwa ujumla.

Kujaza ndiko kunakotaka subira. Mhudumu anachomeka nozeli, inafunga kwa mlio mkavu, kisha sauti ya gesi inakwenda ikipanda kadiri mtungi unavyojaa. Gusa mtungi baada ya kujazwa haraka: una joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza upepo. Gesi yenye joto hufika bar 200 kabla ya kuingia yote inayoweza kuingia, na mtungi ukishapoa sindano ya geji inashuka. Hukuibiwa, na wala mfumo hauvuji. Kituo kinachojaza polepole kinakupa kilo zaidi katika mtungi uleule, na mimi nikiwa na nafasi ya kuchagua huenda huko.

Ni kwenye foleni ya kujaza ndipo nilipoanza kuielewa petroli kwa heshima. Injini za mwanzo zilitumia gesi: ile ya Étienne Lenoir ya 1860 na ile ya Nikolaus Otto ya 1876, ambayo mapigo yake manne ndiyo yanayozunguka hadi leo ndani ya injini yangu, zote zilichoma gesi ya makaa iliyoletwa kwa bomba. Zilifanya kazi vizuri mahali zilipofungwa. Carl Benz alipotaka kitu cha kutembea barabarani, gari aliloliombea hataza mwaka 1886 lilichoma kimiminika chepesi cha mafuta ghafi, na mkewe Bertha mwaka 1888, katika safari yake ndefu ya kwanza na gari hilo, alikinunua kwenye duka la dawa huko Wiesloch. Kimiminika kinabebeka. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, ndani ya tangi la kawaida lisilo na presha. Lita moja ya gesi iliyobanwa kwa bar 200 haizidi sana 9, ndani ya mtungi wa kuta nene. Buti langu lililopungua, uzito wa nyuma, vituo vichache, kujaza mara kwa mara, yote yametoka kwenye tofauti hiyo. Tabia ya moto wa gesi ni nzuri. Taabu iko kwenye chombo cha kuibebea.

Halafu kuna lile watu wanalosema kwa fahari: “Nimeachana na mafuta.” Hapana. Siku fundi alipotoa siti ya nyuma na zulia la buti ili apitishe bomba, nilisimama pale nikitazama gari likiwa limevuliwa, na karibu kila kilicholala sakafuni kilitoka kwenye mafuta au gesi. Povu la siti ni poliurethani. Mkanda ni poliesta. Zulia, ngozi za nyaya, paneli za milango, bampa ya polipropileni, vioo vya taa vya polikaboneti, hata tangi la petroli lenyewe, ambalo kwenye magari mengi ya sasa ni plastiki. Mfuko wa hewa unaomwokoa mtu kwenye ajali ni nailoni. Tairi ina mpira wa kiwandani uliochanganywa na ule wa mti, na weusi wake ni kaboni inayopatikana kwa kuchoma mafuta mazito bila kuupa moto hewa ya kutosha. Plastiki huwa karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wa gari la leo, lakini kwa ujazo inakaribia nusu.

Gesi nayo ilikuwepo kabla sijaiweka kwenye mtungi. Ethani inayotenganishwa nayo huwa polithini. Tanuri za kuyeyushia kioo na za kukaushia rangi ya gari huwashwa nayo, na viwanda vingine vya chuma huitumia badala ya makaa kuondoa oksijeni kwenye mawe ya chuma. Huko Ras Laffan, Qatar, kiwanda cha Pearl GTL kilijengwa kugeuza gesi asilia kuwa dizeli na oili safi ya msingi ya kutengenezea vilainishi vya injini. Na asiyetaka kusikia habari za injini kabisa, akanunua gari la umeme, atakuta utando unaotenganisha ncha mbili ndani ya betri za lithiamu ni polithini au polipropileni, na grafiti nyingi ya kiwandani inayotumika humo imetokana na masalia ya kusafisha mafuta.

Silisemi hili kumkatisha mtu tamaa. Linanifanya nione uchungu zaidi kwa kila tone linalochomwa bure kwenye foleni. Tairi, mkanda na mfuko wa hewa hufanya kazi kwa miaka. Petroli hupita kwenye ekzosi mara moja tu.

Kwa upande wa hewa, gesi asilia hutoa kaboni dioksidi pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na petroli kwa nishati ileile, na masizi karibu hakuna. Faida hiyo inaliwa na uvujaji. Methani ikitoka bila kuchomwa hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 20. Ukisikia harufu, ile inayotiwa makusudi ili pua ijue, funga valvu ya mtungi, rudi petroli, nenda kwa fundi. Maji ya sabuni kwenye maungio yanaonyesha mapovu mara moja. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hupanda na kutawanyika, na huwaka tu ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, tofauti na gesi ya kupikia ambayo hutulia chini. Kwa hiyo siogopi gesi.

Ninachoogopa ni mtungi usio na historia. Hapa sitaki mtu abane matumizi hata kidogo. Kabla ya kulipa, dai kuuona mtungi kabla haujafungwa, usome kwa macho yako kilichochongwa juu yake: kiwango cha ubora kilichofuatwa kuutengeneza, ISO 11439 au ECE R110, presha ya kazi, tarehe ya kutengenezwa, na mwisho wa matumizi. Hakikisha valvu yake ina kifaa cha usalama kinachofunguka moto ukiufikia, ili gesi itoke badala ya mtungi kupasuka. Ukiona alama ya kuchomelea popote mwilini mwake, au namba zilizosuguliwa, toka humo gereji na gari lako likiwa la petroli. Mtungi wa gesi ya kupikia au wa oksijeni haugeuzwi kuwa wa gari na fundi yeyote, awe hodari vipi. Na tarehe ya ukaguzi ujao iandike mahali utakapoiona, kwa sababu mtungi ukishafunikwa na zulia la buti hakuna atakayekukumbusha.