"Gesi imeisha dada": uzoefu wangu na mafundi AC hapa Moshi

Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie.

Mimi naoka keki nyumbani, Pasua. Kabla hujaniuliza keki na AC wapi na wapi, njoo Moshi mwezi wa pili. Watu wa mikoa mingine wakiona picha ya mlima na theluji yake wanadhani huku tunashinda na makoti, wakati hiyo theluji iko kule kileleni mita 5,895 na sisi tuko chini huku tunaungua. Jua likiwaka sawasawa krimu ya siagi inalegea mkononi na keki ya ngazi tatu inainama kama mzee aliyetoka kwenye mbege. Ndo nikajinyima nikafunga AC kwenye kachumba kangu ka kupambia.

Waliofunga ni jamaa wana ofisi yao hapa mjini, siwataji, wenyewe wakisoma watajijua. Siku ya kufunga aisee niliwapenda, kazi saa mbili tu imeisha, wamefagia na vumbi la ukuta, nikawasifia mpaka kwenye status. Najuta ile status.

Baada ya miezi kama miwili AC ikaanza kupuliza upepo wa kawaida tu, feni ya laki kadhaa. Fundi akaja, akachomeka geji yake, akatikisa kichwa kama daktari anayeleta habari mbaya: "Gesi imeisha dada." Elfu tisini. Ikapoa, nikasahau. Wiki sijui tatu sijui nne, tena upepo. Gesi imeisha dada. Elfu tisini nyingine. Hapo nikamuuliza, kwa heshima kabisa, fundi hii gesi inaenda wapi? Friji langu lina miaka tisa na halijawahi kuongezwa gesi hata siku moja. Akacheka, akamgeukia dogo anayembebea vifaa, akasema "Dada, gari si unaweka mafuta? AC nayo ndo hivyo hivyo. Wewe pika keki, haya mambo tuachie sisi."

Pika keki. Kwanza keki haipikwi, inaokwa. Pili hiyo ya gari na mafuta ni uongo mtupu. Injini inachoma mafuta, AC haichomi gesi, gesi ile ile inazunguka kwenye mabomba miaka na miaka, ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Nimelijua hilo baadaye, wakati ule nililipa nikanyamaza, na ndo kitu kinachoniuma kuliko hata hela.

Mara ya tatu ndo ikawa balaa. Ijumaa, nina keki ya send-off ya kesho yake, naona lile bomba jembamba limeota barafu nikafurahi, nikajua leo baridi imekuja kweli kweli! Kumbe barafu pale ni dalili ya gesi kupungua. Mpaka saa tisa mchana kachumba kanachemka, krimu inateleza, napiga simu haipokelewi, natuma meseji naona tiki mbili za bluu, kimya. Unajua nilichofanya? Nilikodi Noah, nikaipakata ngazi ya juu mapajani, nikapanda nayo Kibosho kwa mama ambako jioni baridi lipo la bure, nikapambia jikoni kwake mpaka usiku wa manane huku mama ananiuliza kwani hao watu hawana ndafu? Yule mbuzi mzima wa kuokwa wa sherehe, maana ndafu haiyeyuki. Mama bwana. Keki ilifika salama lakini nauli ya kwenda na kurudi ilikula faida yote.

Sasa hapa ndo napata shida kutoa hukumu, maana aliyeniokoa ni mtu wao. Yule dogo wa kubeba vifaa alinipigia Jumapili, "Mama samahani, naomba nije niangalie pale kwenye maungio, niliona mafutamafuta siku ile nikaogopa kusema mbele ya bosi." Akaja na bodaboda, akapaka povu la sabuni kwenye nati nyuma ya ile mashine ya ndani, na povu likaanza kupumua mbele ya macho yangu, puu, puu, puu. Mdomo wa bomba la kopa ulikuwa na ufa tangu siku ya kufunga. Akakata akatengeneza mdomo mpya, akawasha pampu ya kunyonya hewa na unyevu kwenye bomba kama nusu saa hivi, ndo akaweka gesi, tena kwa kuipima kwenye mizani, sio kukisia kwa geji. Nilimpa hela yake na keki ndogo ya vanila. Mtaratibu, anavua viatu mlangoni, anaeleza kila anachoshika bila kukudharau. Nikasema basi, nawapa nyota mbili, ya pili ni ya dogo.

Halafu bosi akanipigia. Mimi najua anaomba radhi! Anadai elfu arobaini, eti dogo alitumia pampu ya ofisi bila ruhusa.

Pampu ya ofisi. Kwa hiyo pampu mnayo? Mlikuwa nayo siku mnafunga, mlikuwa nayo mara zote mnanijazia gesi, na haikuwahi kushuka kwenye gari hata mara moja? Nilimuuliza hivyo hivyo, akaniambia dada punguza makelele. Nikakata simu. Sijalipa na silipi.

AC mpaka leo inapoa, nalala mle ndani mchana nikichoka, kwa hiyo siwezi kusema kazi yao ni mbovu wakati kazi ya mtu wao imesimama, ila mtu mwenyewe hayupo kwao tena, nasikia anajitegemea sasa hivi. Jana bosi kaweka tangazo: ofa ya kujaza gesi, AC mbili kwa bei ya moja, wahi mapema joto linakuja.

Ile nyota ya pili nimeifuta. Dogo nitampa yake mwenyewe akifungua ofisi.