Roboti ya ofisini: niliyoyaona baada ya kuikabidhi ankara

Nafanya kazi ya uhasibu, upande wa malipo ya wasambazaji. Ankara zinaingia kwa barua pepe, kila moja na faili lake la PDF. Mtu anafungua, anasoma jina la msambazaji, namba ya ankara, tarehe na kiasi, anaviandika kwenye mfumo, anahifadhi faili kwenye folda ya mwezi, halafu anashika inayofuata. Kazi yenyewe haina ugumu wowote, ila inachosha macho, na macho yakishachoka 3 inasomeka 8 na hesabu za mwisho wa mwezi hazifungi. Hiyo ndiyo kazi niliyoipa roboti, na sitaki kurudi tulikotoka.

Kwa asiyeifahamu: hakuna chuma wala mikono hapa. Ni programu inayobofya, kunakili, kubandika na kujaza fomu kwenye skrini kwa hatua ulizoipangia. Wenyewe huiita RPA, kifupi cha Robotic Process Automation, yaani kuiachia programu kazi za kurudiarudia. Kampuni zinazoitengeneza ni kadhaa: UiPath ilianzia Bucharest, Romania, mwaka 2005. Blue Prism ya Uingereza ilitangulia mwaka 2001. Mimi natumia Power Automate ya Microsoft, kwa sababu moja tu: ilikuwa tayari kwenye kompyuta yangu. Mwaka 2020 Microsoft iliinunua Softomotive, kampuni iliyokuwa ikitengeneza programu za aina hii, na Machi 2021 ikaliachia toleo la kompyuta ya mezani bila malipo ya ziada kwa watumiaji wa Windows 10. Windows 11 inakuja nalo.

Kuitengeneza hakuhitaji uwe mwandishi wa programu. Unavuta hatua moja moja kutoka pembeni na kuzipanga: fungua folda, soma faili, nenda kwenye dirisha fulani, andika thamani hii kwenye kisanduku kile. Ipo pia njia ya kurekodi, unafanya kazi kama kawaida nayo inakufuatisha. Kurekodi kunafaa kwa kuanzia, lakini hunasa hata mibofyo isiyo na maana, kwa hiyo nyingi nilizifuta.

Jambo la kuzingatia mapema ni jinsi roboti inavyokitambua kitufe. Inaweza kukitafuta kwa jina lake ndani ya dirisha, au kwa picha yake kwenye skrini. Njia ya picha inavutia kwa wepesi wake, ila mtu akikuza maandishi ya skrini hadi asilimia 125, au ukihamia kompyuta yenye skrini tofauti, roboti haikioni tena. Tumia jina kila inapowezekana. Picha iwe kwa ile mifumo ya zamani isiyotoa njia nyingine.

Lakini kitu kilichonifanya niiamini roboti yangu ni namna inavyosimama. Watu wengi husifia kasi, na kasi ipo kweli. Ila kasi bila breki ni hatari kwenye fedha, kwa sababu roboti haina shaka. Karani akiona 03/04 kwenye ankara atajiuliza kama ni tarehe 3 Aprili au 4 Machi, kisha ataangalia msambazaji huyu huandikaje. Roboti itaandika tu ilivyoambiwa. Namba ya akaunti inayoanza na sifuri ikipitia Excel kama tarakimu za kawaida, sifuri za mbele zinadondoka na roboti inaendelea na safari. Nukta na mkato kwenye kiasi nazo ni vivyo hivyo: kwa mmoja 1.250 ni elfu moja mia mbili hamsini, kwa mwingine ni moja na robo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya nilichojenga ni vizuizi. Namba za akaunti zinasomwa kama maandishi. Kila msambazaji ana mpangilio wake wa tarehe kwenye jedwali dogo, na asiye kwenye jedwali hilo ankara yake haiguswi. Msambazaji na namba ya ankara vikiwa tayari vimo kwenye mfumo, faili linawekwa kando. Mwisho wa zamu, idadi ya zilizoingizwa ukijumlisha na zilizowekwa kando lazima ilingane na idadi ya faili zilizopokelewa.

Faida yake niliiona mfumo wetu wa uhasibu ulipoboreshwa. Kulizuka kidirisha kipya katikati ya skrini kikiuliza kama rasimu ihifadhiwe. Roboti hulinganisha jina la dirisha kabla ya kuandika chochote. Ilipokuta jina lisilolijua, ikasimama, ikapiga picha ya skrini na kunitumia barua pepe yenye namba ya ankara iliyokuwa mkononi. Nikaongeza hatua ya kukifunga kidirisha hicho, kazi ikaendelea palepale ilipoishia. Ingekuwa inabonyeza Enter bila kuangalia, sijui tungeanzia wapi kusafisha.

Ukitaka kuijaribu kwenye ofisi yako, ipe roboti akaunti yake yenyewe. Usiikopeshe nywila ya mtu, maana mkaguzi akija hataweza kujua nani aliandika nini. Na roboti inayoingiza ankara isipewe kamwe ruhusa ya kuidhinisha malipo. Hapo mimi sibishani na mtu.

Ankara zilizoandikwa kwa mkono au kuskaniwa vibaya bado nazipeleka kwa karani. Na kama mfumo wako una njia rasmi ya kupokea data moja kwa moja kutoka mfumo mwingine, tumia hiyo, huna haja ya roboti.

Wenzangu waliuliza kama kazi zao ziko salama, na wana haki ya kuuliza. Dada aliyekuwa akiingiza ankara sasa ndiye msimamizi wa ile folda ya zilizowekwa kando. Anawapigia wasambazaji simu, anadai ankara sahihi, na ndiye aliyejaza lile jedwali la tarehe, kwa kuwa miaka yote hiyo alikuwa nalo kichwani. Bosi anayefikiri kununua roboti ili amwondoe mtu kama huyo atabaki na mashine isiyo na wa kuielekeza.

Toleo la bure linataka uianzishe roboti kwa mkono wako. Kuipangia saa ijianzishe yenyewe kunahitaji leseni ya kulipia. Sasa hivi naianzisha asubuhi na kuendelea na mengine huku niko karibu. Ofisini wameanza kuzungumzia kuiendesha usiku. Nimewaambia leseni itafutwe, lakini kwanza atajwe mtu atakayezisoma barua pepe zake za hitilafu kila siku kabla malipo hayajaenda benki.